"Intel ni Intel" si hoja, wazee

Nilikuwa nimejichimbia maktaba wiki mbili, si mnajua mambo ya kufunga semista. Leo nimetoka shimoni kwa sababu nina dukuduku, na nikilala nalo silali.

Ishu ni ile seva ya klabu yetu. Mchango umetimia, kila mtu kajikata kwenye boom lake, na sasa kamati inataka kutuletea seva ya mtumba yenye Xeon Platinum 8280 mbili. Nikauliza, kwa nini isiwe EPYC? Mkubwa mmoja akanijibu, "Intel ni Intel bwana, AMD ni ya wacheza gemu." Basi, ikaishia hapo. Watu wakacheka na kikao kikafungwa. Ebo! Hela za watu wale chipsi mayai mwezi mzima zinaamuliwa kwa utani?

Haya, tuhesabu basi. Nachukua zile mbili za mwaka mmoja ili mtu asiseme nimependelea. Xeon Platinum 8280 ilitoka Aprili 2019, AMD EPYC 7742 ikatoka Agosti 2019. (Najua kuna Xeon 6 na EPYC 9005 za 2024. Hela yetu haifiki huko hata tukiuza viti vya klabu.)

Xeon ina viini 28. EPYC ina 64. Kwa wale wa mwaka wa kwanza: kiini ni kile kibongo kinachofanya kazi ndani ya prosesa, na kila kimoja kinaweza kushika kazi yake. Sasa fungeni mkanda. Hizo Xeon mbili za kamati zikijumlishwa ni viini 56. Yaani prosesa MBILI za Intel hazifikishi idadi ya MOJA ya AMD. Na bei rasmi zilipotoka? Xeon moja dola 10,009, EPYC dola 6,950. Gawanya mwenyewe: kiini kimoja cha Xeon kama dola 357, cha EPYC kama dola 109. Mtumba bei hubadilika, sawa, ila mwulizeni muuzaji kwa nini anataka tununue mbili.

Mtu ataniambia wingi si hoja. Kweli kabisa. Mbio za Xeon zinafika gigahezi 4.0 kiini kikiwa peke yake, EPYC inaishia 3.4. Ukiwa na programu moja inayokimbia kwenye kiini kimoja tu, Xeon ina nafasi nzuri ya kushinda, na sitabisha. Lakini seva yetu ni ya nini? Mashine pepe thelathini na kitu za projekti za mwaka wa mwisho, kanzidata, na watu kukompaili kodi usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Hiyo ni kazi ya wengi kwa wakati mmoja. Kwenye vipimo vya SPECrate 2017 vya namba kamili, seva za EPYC 7742 mbili zilitoa karibu mara mbili ya seva za Xeon 8280 mbili. Karibu mara mbili, wazee, siyo asilimia tano za kubishania kimbwetani.

Tena viini bila chakula ni bure. Xeon ina chaneli 6 za memori za DDR4-2933, EPYC ina 8 za DDR4-3200. Kwa karatasi hiyo ni kama GB 141 kwa sekunde dhidi ya GB 205. Kache ya L3 ni MB 38.5 dhidi ya MB 256 (ingawa ya AMD imekatwa vipande vya MB 16 kwa kila viini vinne, kwa hiyo msidhani kiini kimoja kinailamba yote). Xeon ina njia 48 za PCIe 3.0, EPYC ina 128 za PCIe 4.0, na kila njia ya 4.0 ina kasi maradufu. Siku tukipata diski za NVMe na kadi ya GPU, zitachomekwa wapi? Mseme.

Sasa hii ndiyo iliyonifanya nishike kibodi saa saba usiku. Februari 2020 Intel walitoa Xeon Gold 6258R. Ina viini 28. Inaanzia gigahezi 2.7 na kufika 4.0. Kache MB 38.5, wati 205. Mnaifahamu hiyo? Ndiyo, ni 8280 ile ile kwa seva ya soketi mbili. Bei? Dola 3,950! Tofauti kubwa ni kwamba 8280 inaweza kukaa kwenye seva za soketi nne au nane, na 6258R inaishia mbili. Kwa hiyo mwenye seva ya soketi mbili alikuwa analipa dola 6,059 za ziada kwa neno "Platinum". Teh teh teh. Na walishusha bei kwa nini? Kwa sababu EPYC ilikuwa mlangoni. Sasa mtu anayesema "Intel ni Intel", namwuliza, Intel ipi? Ya dola elfu kumi au ya dola elfu nne?

Na huo wimbo wa AMD kuwa mwigaji nao tuuzime. Ulewe mfumo wa biti 64 unaoendesha laptop yako, AMD ndio waliuleta kwenye seva na Opteron mwaka 2003, Intel wakaufuata kwenye Xeon mwaka 2004. Kama una Ubuntu ya biti 64 kwenye laptop ya Intel, andika dpkg --print-architecture. Itakujibu amd64. Nenda kajaribu, nakusubiri.

Nisionekane nimelishwa yamini, Xeon ina sehemu zake. Dada mmoja wa hisabati anafanya simyulesheni, na yeye ana hoja kuliko kamati nzima: Xeon ina AVX-512, inapiga hesabu za biti 512 kwa mkupuo, wakati EPYC ya kizazi hiki inaishia AVX2 ya biti 256. Programu ikiwa imeandikwa kwa ajili hiyo, faida ipo, japo Xeon hupunguza mwendo ikibanwa na hesabu nzito za namna hiyo. Ila huyo ni mmoja, na wengine wote tunaandika PHP na Python. Leseni pia: kuanzia Aprili 2020 leseni moja ya VMware ilifunika viini 32 tu, kwa hiyo prosesa ya viini 64 ilihitaji mbili. Kwa benki hilo ni la kufikiria. Sisi tunatumia Linux na KVM, hatulipi hata senti.

Umeme sasa. Xeon mbili ni wati 410 kwa kiwango cha watengenezaji, EPYC moja 225. Seva ikikazwa mchana na usiku, tofauti ni wati 185, yaani yuniti 4.4 kwa siku, kama 133 kwa mwezi. Haitakazwa hivyo kila saa, lakini joto nalo linataka feni, na chumba chetu mnakijua kina dirisha moja lisilofunguka.

Jambo moja tu la kuogopa kwa EPYC za mtumba: kuna watengenezaji wa seva wanaoifunga prosesa kwenye mazabodi zao. Ukiihamishia mazabodi ya kampuni nyingine haiwaki ng'o, inabaki pambo la mezani. Kwa hiyo tununue seva nzima, tuione ikiwaka mbele ya macho yetu, siyo prosesa ya kwenye mfuko wa nailoni.

Pendekezo langu la Ijumaa ni hili: EPYC 7742 moja, au 7702P ambayo ni ya soketi moja, ina viini 64 vile vile kwa mwendo mdogo kidogo, na bei yake rasmi ilikuwa dola 4,425. Hela inayobaki yote iende kwenye memori, vijiti VINANE, siyo viwili, maana ukijaza chaneli mbili kati ya nane umejinyima mwenyewe. Kikao ni saa kumi jioni, kura ni ya wanachama wote waliochanga na siyo ya kamati peke yake, katiba yetu iko wazi. Dada mhazini, shikamoo, naomba uje na ile proforma ya muuzaji. Nimeipitia mara mbili na bei ya memori sijaiona.