Picha ya Pumzi

Hapa Kijenge wamo waliomaliza dawa za kifua kikuu na makohozi yao yakapimwa yakawa safi, lakini wakipanda kwenda Kijenge Juu hutweta, na jamaa zao husema ni uvivu. Si uvivu. Ugonjwa hupona, makovu hubaki pafuni. Eksirei huonyesha umbo la pafu, wala haionyeshi hewa inakofika.

Wataalamu wameitafuta njia katika mashine ya sumaku, isiyotumia kisu wala mionzi. Mashine hiyo husoma maji yaliyomo mwilini. Pafu limejaa hewa, basi picha hutoka nyeusi. Mwaka 1994 ilitangazwa picha ya mapafu ya panya yaliyotiwa gesi ya zenoni iliyoandaliwa kwa mwanga wa leza, na mwaka 2022 Marekani iliidhinisha gesi hiyo kwa watu. Mgonjwa huivuta, akazuia pumzi sekunde chache, na mahali pasipofikiwa na hewa huonekana kama pengo.

Hatusemi mtu aingoje mashine hiyo. Anayetweta baada ya dawa na arudi kwa daktari, aombe kipimo cha kupuliza katika mrija. Hicho hueleza nguvu za pumzi, ijapokuwa hakisemi ni upande gani ulioziba. Na ndoo ya maji abebe kijana.