Maharage Hayana Lipa Namba

Tuanze na hesabu, maana ndiyo tunayoikwepa kila Jumapili. Mwanafunzi mwenye mkopo kamili wa Bodi anapata shilingi 10,000 kwa siku za kula na kulala. Kabla ya 2022 zilikuwa 8,500. Humo humo atoe kodi ya chumba, sabuni, bando na karatasi za kudurufu. Halafu aje ibadani akutane na sadaka ya kwanza, sadaka ya pili, zaka, mchango wa spika, sare ya kwaya, nauli ya misheni na hafla ya kuwaaga wa mwaka wa tatu. Na huyo ndiye mwenye bahati. Asiye na mkopo hata sijamgusa.

Nayasema haya nikiwa mwanakwaya, sauti ya tatu, kwa hiyo msinihesabu kati ya wanaosema makanisa yote ni biashara. Nalipenda kanisa. Nimelelewa nalo Kasanda, huko juu Kakonko, ambako hadi wilaya ilipogawanywa 2012 tulikuwa tunahesabiwa watu wa Kibondo.

Kwetu mtu anatoa alichovuna. Bibi anakuja na maharage kwenye bakuli, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine udaga, mwingine jogoo aliyefungwa miguu ambaye ataamua kuwika mahubiri yakiwa yamenoga. Ibada ikiisha, mzee wa kanisa anasimama nje chini ya mti na mnada unaanza. Jogoo yule ananunuliwa, aliyemnunua anamrudisha, anauzwa tena. Watu wanacheka, watoto wanakimbia, na hela inapatikana.

Sisemi mnada ni mbinguni. Una mashauzi yake: kuna mtu hupandisha bei ya mayai mawili ili tu aonekane na wakwe zake. Lakini sijawahi kuona pale mtu akiona aibu kwa kukosa noti. Mama ambaye hajaishika elfu tano tangu msimu uliopita anakwenda mbele kama wengine, na bakuli lake linashangiliwa. Tena utoaji wenyewe unafuata mvua. Maharage yakitoka shambani, madhabahu inajaa. Novemba, mbegu zikiwa ardhini na maghala yamekauka, hakuna mhazini mwenye akili atakayesimama kutangaza mchango wa ujenzi. Atamtangazia nani?

Hapa chuoni nasi tuna mvua yetu, inaitwa bumu. Inanyesha kwa tarehe zake, na ikichelewa kila mtu anajua kwa sababu foleni ya chipsi inakuwa fupi. Ila feloshipu zetu zinatangaza michango kana kwamba bumu linaingia kila Jumamosi usiku.

Najua kaka mhazini ataniuliza: sasa tulete magunia hosteli? Hapana, kaka. Hata Kumbukumbu la Torati 14 inaruhusu mtu anayeishi mbali kuuza zaka yake, afunge fedha mkononi na kusafiri nayo. Kutoka Kasanda hadi hapa ni mbali kweli, na hakuna kondakta atakayekubali jogoo bure. Sina ugomvi na fedha wala na lipa namba iliyobandikwa mlangoni. Ugomvi wangu ni ile "wenye elfu hamsini simameni, wenye elfu kumi simameni", kisha tunaobaki tumekaa tunaanza kusoma Biblia kwa bidii ya ghafla.

Ugomvi mkubwa zaidi ni orodha. Katika feloshipu moja ninayoijua, majina ya ambao hawajamaliza mchango yalitumwa kwenye kundi la WhatsApp. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza, asiye na mkopo, aliyekuwa akiwahi kupanga viti kila Jumapili, jina lake liliandikwa sifuri. Hakugombana na mtu, aliacha tu kuja. Viti sasa vinapangwa na wengine, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyekwenda kugonga mlango wake. Kwenye jumuiya ndogondogo za Wakatoliki kule nyumbani, au kwenye mtaa wa Waanglikana, ukikosa Jumapili mbili jirani atakuja kuuliza kama unaumwa. Sisi tuna wanachama wengi na namba zao zote, lakini jirani hakuna.

Kupanga viti ni sadaka. Kufundisha wenzako hesabu kabla ya mtihani ni sadaka, na kutengeneza spika badala ya kuchangisha mpya, jamani, ni sadaka kubwa. Viandikwe kwenye ripoti ya mhazini kando ya fedha. Michango mikubwa isubiri wiki mbili za mwanzo baada ya bumu, na orodha za majina zifutwe leo. Kisha sehemu ya kapu irudi kwa wasio na kitu. Katika Matendo 6, kanisa la Yerusalemu lilipogundua kuna wajane wanasahaulika kwenye mgao wa kila siku, lilichagua watu saba wasimamie jambo hilo. Sisi tuna kamati ya mapambo.

Uchaguzi wa viongozi wa feloshipu unakuja. Mgombea uhazini akimaliza kujinadi, mwulizeni swali moja tu: katika fedha tulizokusanya mwaka huu, ni kiasi gani kilimfikia mwenzetu aliyelala njaa?