Baraza la Mwalimu: Sweta Lililorudi Dogo



Jumamosi moja ya mwezi uliopita, baada ya watoto kumaliza darasa lao la Kiswahili, mama mmoja alinikuta nimeketi pembeni mwa ukumbi na donge la uzi mapajani. Alinitazama kitambo, kisha akasema kwa upole: "Shikamoo, Mwalimu. Usione vibaya nikikuuliza. Maduka ya hapa Leicester yamejaa masweta, na mengine bei yake haifiki hata pauni kumi. Wewe wajitesea nini vidole?" Nilimjibu kwa mzaha kwamba vidole vilivyosahihisha madaftari kwa miaka thelathini havijui tena kukaa bure. Lakini swali lake nilikwenda nalo nyumbani, na ndilo lililonitia kalamu mkononi mwezi huu.

Wengi wetu hatukuianza kazi hii Ulaya. Nani kati yetu asiyekumbuka vitambaa vilivyofumwa kwa kulabu, vikatandazwa juu ya migongo ya makochi, juu ya redio, na baadaye juu ya televisheni? Mama aliyejaliwa kuwa na seti kamili, yenye mawaridi pembeni, aliitoa kwa wageni wa Idi na kuikunja tena siku ya pili. Na mtoto mchanga wa Kiunguja, azaliwe hata katika lile joto la mwezi wa Machi, sharti avishwe kofia ya sufu na soksi zake, jasho likimtoka maskini. Mimi mwenyewe nilifunzwa kushika sindano mbili nikiwa msichana wa shule. Mwalimu wetu alikuwa mkali. Ukiangusha kitanzi kimoja alikufumulisha mistari yote mpaka ulipokosea.

Watoto wetu waliozaliwa hapa hudhani kwamba kufuma ni jambo la mabibi wa Kiingereza. Nimewasikia wakisema hivyo, na sikuwalaumu, maana ndivyo waonavyo vitabuni. Lakini vipande vya kale kabisa vilivyofumwa kwa sindano zaidi ya moja, ambavyo vimesalia hata leo, vimetoka Misri, katika zama za dola za Kiislamu, takriban baina ya karne ya 11 na ya 14. Vingi ni soksi za pamba, nyeupe na buluu ya nili, na baadhi yake zina mikanda ya mapambo iliyofuata umbo la hati ya Kikufi. Ziko soksi za Misri zilizo kongwe kuliko hizo, kama zile nyekundu zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert huko London, zenye kidole gumba kilichotengwa ili mtu aweze kuvaa ndara. Lakini zile zilifanywa kwa sindano moja, kwa ufundi mwingine. Na huko Hispania, katika kaburi la mwana wa mfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa ustadi mkubwa, na pembezoni mwake limerudiwarudiwa kwa Kiarabu neno "baraka". Wataalamu huihesabu kazi hiyo kuwa ya mafundi Waislamu. Kwa hiyo mwanao akikuuliza, mwambie kwamba bibi wa Kiingereza naye alifunzwa na mtu.

Waingereza sifa yao kubwa iko kwenye mashine. Mwaka 1589 William Lee wa Calverton, karibu na Nottingham, alibuni mashine ya kufumia soksi, na kutokana na mashine hiyo eneo lote hili, pamoja na mji wetu wa Leicester, likawa kitovu cha viwanda vya soksi na masweta. Wazee wa Kihindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 wakahamia hapa, wengi wao riziki ya mwanzo waliipata katika viwanda hivyo. Nimewahi kukaa kituo cha basi na mama mmoja wa Kigujarati, mzaliwa wa Jinja, tukizungumza Kiswahili kitupu, naye akanishika ukingo wa kazi yangu akaugeuza akaniambia, "Hapa umekaza mno." Alikuwa kweli.

Sasa nije kwenye lililo moyoni.

Miaka miwili iliyopita nilimfumia mjukuu wangu sweta. Alikuwa na umri wa miaka sita. Nilinunua sufu halisi, ya kijani iliyokolea, na kifuani nikapitisha mkanda mweupe ambao nakshi yake niliinakili kutoka kofia ya babu yake. Kazi ile ilinichukua miezi minne. Sikuwa na saa maalumu ya kuifanya. Nilifuma ndani ya basi nikienda kupimwa shinikizo la damu, nikafuma maharage yakiwa jikoni, nikafuma baina ya Magharibi na Isha. Siku ya Idi nikampa. Mtoto alilivaa palepale, akazunguka nalo nyumba nzima, nami nikajiona nimetenda jambo.

Baada ya hapo sikuliona tena. Baridi ya Novemba ikaingia, mtoto akaja kwangu na koti la dukani. Desemba vilevile. Sikuuliza, lakini nilianza kuhesabu. Nikamhesabia mkaza mwanangu kila Jumapili aliyomleta mtoto bila ya sweta lile. Nikajisemea kwamba kazi ya mkono wangu imeonekana ya kishamba, kwamba wanaona haya mbele ya walimu wa Kizungu. Simu nikazipunguza. Alipopiga yeye, nilijibu kwa maneno mafupi ya adabu, na sisi watu wa pwani twajua kwamba adabu iliyozidi ni namna ya kununa. Mwanangu wa kiume hakutambua lolote. Wanaume katika mambo haya huwa wa mwisho kupata habari.

Mwezi wa Februari nilikwenda kwao kumsaidia mama huyo, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Nilifungua mtoto wa meza kutafuta shuka, nikakuta kitu kimefungwa ndani ya kanga. Kilikuwa sweta lile. Lilikuwa limesinyaa likawa la kumtosha mwanasesere, limekuwa zito na gumu kama zulia, na nakshi ya kofia haisomeki tena. Alikuwa amelitia katika mashine ya kufulia pamoja na nguo za shule, kwa maji ya moto. Akaniambia, "Mama, nilikosa uso wa kukwambia." Alikuwa amekaa na siri ile miezi mitatu, nami nilikaa na kinyongo miezi hiyohiyo mitatu.

Nielezeni basi kosa lilikuwa la nani. Kila unyoya wa sufu una magamba madogo mfano wa magamba ya samaki. Ukiyakutanisha maji ya moto, sabuni na mtikisiko, magamba hayo hushikana, kitambaa hujikunja na kuwa kinene, na hakuna hila ya kukirudisha. Mimi nilijua hayo tangu shuleni. Yeye hakuwahi kuambiwa, na mimi sikumwambia. Nilimkabidhi kazi ya miezi minne bila ya neno moja la namna ya kuitunza. Nguo ya dukani ya pauni kumi hupewa kipande cha maelezo ndani ya ukosi, yangu sikuipa. Sufu halisi hufuliwa kwa mkono, kwa maji ya baridi au ya vuguvugu, na sabuni isiyo kali. Haisuguliwi wala haikamuliwi kwa kusokotwa. Hufungwa ndani ya taulo ikabanwa maji yakatoka, kisha hulazwa juu ya kitu bapa ikauke, maana ukiitundika hurefuka.

Lakini si hilo tu lililoninyamazisha siku ile. Nilikumbuka kofia.

Nilipoolewa, mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinipa kofia ya viua nimtunzie mwanawe. Wale mnaojua mtanielewa. Kitambaa cha bafta hukunjwa tabaka mbili, nakshi ikachorwa kwa kalamu, kisha hutobolewa vitundu vidogo kwa sindano, kila kitundu kikazungushiwa uzi peke yake. Mshonaji mzuri hutumia miezi kwa kofia moja, na macho yake huyalipa. Mama mkwe wangu alikwishaanza kuona kiza jicho la kushoto. Mimi, bibi harusi mpya niliyetaka kuonesha bidii, niliifua kofia, nikaitia kanji, nikaipiga pasi ya mkaa. Jirani aliniita dirishani. Niliporudi, utosi wa kofia ulikuwa na alama ya pasi, rangi ya kahawia, imeungua hadi tabaka ya pili.

Niliizika kofia ile uani. Nikasema imeibwa kambani.

Mama mkwe alinitazama, akasema, "Kambani pana wezi siku hizi," akanyamaza. Miezi kadhaa baadaye alileta kofia nyingine. Viua vya mkanda wa nyuma havikuwa sawa, vingine vikubwa vingine vidogo, kwa ajili ya lile jicho. Hakuniuliza kitu wala hakunikumbusha. Alifariki mwaka 1991 na sikuwahi kumwambia ukweli. Wala sijui hata leo kama aliujua tangu siku ya kwanza. Ni nakshi ya kofia hiyo ya pili niliyoinakili katika sweta la mjukuu.

Basi yule bibi aliyeshona mara mbili hakunifanya mdeni wake hata kwa dakika moja, nami kwa sweta moja nilimfungulia mkaza mwanangu daftari la madeni. Nilimweleza habari hii nzima, tumeketi juu ya kitanda, lile sweta gumu baina yetu. Alicheka hadi akashika tumbo, kisha akalia, kisha akacheka tena.

Sweta lile halikutupwa. Sufu iliyosinyaa namna ile ina faida moja: unaweza kuikata kwa mkasi na isifumuke. Tukakata viatu vidogo vya mtoto mchanga, jozi mbili, na mikono ya sweta ikawa vitambaa vya kushikia masufuria. Mjukuu wa kike alipozaliwa mwezi wa Machi alivaa viatu vya kijani.

Mama aliyeniuliza lile swali ameniambia kwamba naye ataleta sindano. Tutakuwa pembeni mwa ukumbi kila Jumamosi, wakati watoto wakiwa darasani. Anayetaka aje na donge moja la uzi na sindano namba 4, na asione haya kuwa hajui. Mkaza mwanangu huja pia. Mkono wake bado umekaza mno.

Sweta la pili la mjukuu wangu limefika makwapani. Safari hii nimechagua sufu iliyotiwa dawa ya kuhimili mashine.