ALEXANDER WA KWENYE FILAMU NA DHULQARNAYN WA SURATUL KAHF: TUNAMPIMA MTAWALA KWA KIPIMO GANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo tuzungumze kuhusu filamu ya Alexander, iliyoongozwa na Oliver Stone mwaka 2004. Si filamu mpya, lakini mjadala wake haujaisha, na kila unapoibuka husikika ndugu wa Kiislamu akisema: "Huyu ndiye Dhulqarnayn wetu, na wamemvunjia heshima." Kauli hii inahitaji jibu.

Tuanze na watazamaji wenyewe. Filamu ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 155, na kule Marekani iliingiza takriban milioni 34 tu. Wengi walilalamika kwamba ni ndefu, karibu saa tatu. Wengine walichekeshwa na Wamakedonia wanaoongea kwa lafudhi ya Ireland. Kule Ugiriki kundi la wanasheria lilitishia kwenda mahakamani kwa jinsi mapenzi yake na wanaume yalivyoonyeshwa. Na wapo walioudhika kwa sababu shujaa analia, anamwogopa mama yake na anasitasita. Wao walitaka mshindi asiyetikisika. Waliomtetea Stone nao walisifu vita vya Gaugamela: vumbi, farasi na maelfu ya askari. Mwongozaji aliirudia kuihariri mara kadhaa, na toleo la mwisho lilitoka mwaka 2014.

Sasa zingatia, ndugu yangu. Wamejadili lafudhi, nywele, urefu wa filamu na chumba cha kulala. Ni wachache mno waliouliza: wale waliotekwa walifanywa nini?

Chukua mji wa Tyre, ambao Waarabu wanauita Sur, katika Lebanon ya leo. Mwaka 332 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), watu wa mji ule walikataa Alexander asiingie kutoa kafara katika hekalu la mungu wao. Aliuzingira kwa miezi saba. Ulipoanguka, waandishi wa kale wanasema watu wapatao 2,000 walitundikwa kwenye misalaba ufukweni, na wengine wapatao 30,000 wakauzwa utumwani. Filamu haikuonyesha mzingiro ule, na katika malalamiko yote niliyoyataja, hili halimo. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi ndizo ziumiazo. Watazamaji wamekaa kuwahesabu tembo.

Sasa turudi kwenye kauli ya ndugu zetu. Je, huyu ndiye Dhulqarnayn?

Tuwe na adabu katika jambo hili, kwa sababu wanazuoni wametofautiana. Imamu Fakhruddin ar-Razi alielekea kwenye kauli kwamba ni Alexander. Lakini Ibn Taymiyya, Ibn al-Qayyim na Ibn Kathir, Allah awarehemu wote, walilikataa hilo waziwazi, na hoja yao ndiyo yenye nguvu zaidi kwangu. Dhulqarnayn alikuwa mja mwenye kumpwekesha Allah. Alexander aliyesomeshwa na Aristotle alikuwa mshirikina. Alichinja kwa ajili ya masanamu, na mwaka 331 alisafiri jangwani mpaka Siwa, Misri, ambako alitangazwa kuwa mwana wa mungu Ammon. Hata zile pembe kichwani mwake kwenye sarafu, ambazo baadhi ya watu huzifanya ushahidi, ni pembe za kondoo dume za huyo Ammon. Vipi alama ya shirki igeuzwe dalili ya tauhidi?

Lakini hata tukiliacha jina, zitazame sifa. Fungua Suratul Kahf, aya ya 83 mpaka 98.

1. Dhulqarnayn alipopewa uwezo juu ya watu, achague kuwaadhibu au kuwatendea wema, aliweka uadilifu: dhalimu ataadhibiwa, na mwenye kuamini na kutenda mema atapata mema.

2. Alipofika kwa watu dhaifu, ambao hata maneno yalikuwa taabu kuelewana nao, hakuwateka. Aliwasikiliza shida yao ya Yajuj na Majuj.

3. Walipotaka kumlipa, alikataa malipo. Aliyopewa na Mola wake yalimtosha. Aliomba nguvu kazi tu, akawajengea kizuizi cha chuma na shaba iliyoyeyushwa.

4. Kazi ilipokamilika hakujisifu. Aliitaja kuwa ni rehema ya Mola wake, na akakumbusha kwamba siku ya ahadi hata ukuta ule utasawazishwa na ardhi.

Subhanallah! Wote wawili wanasimuliwa kufika mbali, mashariki na magharibi. Mmoja anapita na nyuma yake panabaki misalaba, mwingine anapita na panabaki kinga kwa wanyonge. Basi umbali si kipimo cha ukubwa wa mtu. Kipimo ni hali ya mnyonge baada ya mwenye nguvu kupita.

Kwa hiyo filamu ile haikumvunjia heshima Dhulqarnayn, kwa sababu haimhusu. Anayemvunjia heshima ni Mwislamu anayemvisha mja mwema sura ya mtu aliyemuua rafiki yake Cleitus kwa mkuki kwenye karamu ya pombe. Wala sisemi hivi ili mkaitafute. Ina uchi na ulevi, na jicho lako ni amana.

Ninachokiogopa zaidi ni kile tunachokipigia makofi. Kijana akizoea kumhusudu anayeponda miji, kesho atamsifu mtawala kwa ukali wake badala ya uadilifu wake. Atakuwa bosi, wafanyakazi watetemeke. Atakuwa mume, nyumba ikose raha, naye ajione mwanamume kamili. Tukisoma Suratul Kahf kila Ijumaa, tusipite tu juu ya kisa hiki. Tujiulize: huyu mtoto, huyu mke, huyu mfanyakazi aliye chini yangu, mimi ni ukuta wake au ni jeshi lililomzingira?

Alexander alifia Babeli mwaka 323 akiwa na miaka 32, na majemadari wake wakaugombania ufalme mpaka ukasambaratika. Hesabu yake iko kwa Allah, na yetu pia.

Ewe Mola wetu, usitupe uwezo ila na uadilifu pamoja nao. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.