Wimbo wa Kuchekesha Nao ni Wimbo

Bwana Mhariri, muhula huu katika mkutano wa chama chetu cha muziki ulitolewa uamuzi kwamba nyimbo zitakazoimbwa siku ya mahafali ya Kidato cha Nne ziwe nyimbo zenye ujumbe, na kwamba nyimbo za kuchekesha ziachwe kwa kuwa ni mchezo wa watoto. Mimi ni mwanachama wa chama hicho na nawaheshimu viongozi wake. Lakini kwa jambo hili sikubaliani nao hata kidogo, na naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini.

Nitamtaja kwanza mtu ambaye vijana wengi wa leo hawamjui hata kwa jina. Frank Humplick alikuwa mtu wa Moshi. Baba yake alikuwa Mzungu na mama yake Mchaga. Katika miaka ya 1950 yeye na dada zake wawili, Thecla Clara na Maria Regina, waliimba pamoja, Frank mwenyewe akipiga gitaa, wakarekodi sahani za santuri zilizopendwa sana Tanganyika na Kenya. Nyingi katika nyimbo zao ni za upole. Ni nyimbo za mapenzi, za arusi, za mtu aliye mbali na kwao. Wimbo wake wa "Chaupele Mpenzi" umeimbwa na wengine wengi baada yake. Leo mtu aweza kuzisikia nyimbo hizo katika simu, na akizisikiliza ataona jinsi sauti za wale ndugu watatu zinavyofuatana bila kusukumana, kama maji ya mfereji mlimani.

Mtu angeweza kumweka mtungaji huyu katika kundi la waimbaji wa mapenzi na kumwacha papo hapo. Lakini katikati ya miaka hiyo ya 1950 Frank alitoa sahani ya namna nyingine. Wimbo wenyewe unajulikana kwa jina la "Yes, No, I Don't Know", yaani Ndiyo, Hapana, Sijui. Jina peke yake ni kichekesho. Hayo ndiyo majibu matatu ya mtu ambaye Kiingereza chake kimefika mwisho: akiulizwa lo lote hujaribu la kwanza, likikataliwa hushika la pili, na mambo yakizidi hukimbilia la tatu.

Sasa wasomaji wakumbuke wakati wenyewe. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954. Watu walikuwa wameanza kuulizana ni nani ataitawala nchi hii, na wakubwa wa serikali walikuwa wakiwajibu kwa maneno marefu ya Kiingereza. Katika hali hiyo unatokea wimbo wa mzaha, wenye gitaa zuri na sauti tamu za dada wawili, na watu wanaucheza na kuucheka. Serikali ya kikoloni ilisikia siasa ndani ya mzaha ule. Ikaupiga marufuku, na sahani zake zikatafutwa nyumba kwa nyumba. Sijasikia kwamba "Chaupele Mpenzi" uliwahi kutafutwa na askari.

Yafaa tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Serikali ile ilikuwa na polisi, na mahakama, na magereza. Mtu akitoa hotuba kali, makachero waliandika maneno yake katika daftari na kesho yake aliitwa kujibu. Lakini mtu aliyecheka utamshitaki kwa kosa gani? Utamwuliza, "Umecheka nini?" Akikueleza, basi amekurudishia kichekesho mbele ya uso wako, asipokueleza, unabaki wewe ndiye usiyejua. Nathubutu kusema kwamba wimbo ule uliwatia mashaka wakubwa kwa sababu hiyo hasa. Kila aliyecheka alikuwa ameelewa, na kila aliyeelewa hakuhitaji kusema neno.

Tena si kazi rahisi kutia kichekesho katika sahani. Mchekeshaji wa jukwaani ana uso wake, ana kofia yake, aweza kuanguka makusudi na watu wakavunjika mbavu. Mwimbaji wa santuri hana cho chote ila sauti. Sahani ya zamani zile ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu; humo ndimo wimbo uanze, ukolee na uishe. Kisha mwenye sahani ataipiga leo, ataipiga kesho, na jirani ataiazima. Kichekesho kinachosimuliwa mara mbili huchacha kama uji wa jana. Kwa hiyo mtungaji wa mzaha lazima aupe wimbo wake mahadhi mazuri kiasi kwamba hata kicheko kikiisha watu wapende kuusikia tena. Mtungaji wa nyimbo za nasaha hana mzigo huo; hakuna anayemdai kitu baada ya kumshukuru.

Watasema hayo ni ya kale. Basi nitamtaja Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu katika Kongo, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 na kukaa huko hata akafa mwaka 2010. Kituo cha basi cha Sinza kinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Ukimwi ulipoanza kuua watu, na wazee kwa wazazi wakishindwa kutamka mbele ya vijana kitu cha kujikinga, Remmy na bendi yake ya Super Matimila walitoa "Mambo kwa Soksi". Soksi za Remmy si za miguuni. Radio Tanzania haikukubali kuupiga wimbo ule, lakini watu waliupata kwa njia nyingine, na neno gumu likapata jina jepesi la kulitamkia. Sisi wa Mafinga, tunaolala tukisikia malori ya barabara kuu usiku kucha, tusilifanye jambo hili kuwa la mbali. Uchunguzi wa kitaifa wa 2016-2017 uliikuta mikoa ya Njombe na Iringa ikitangulia mikoa yote, na zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi, wenye miaka 15 na kuendelea, ana virusi. Je, wimbo wa soksi hauna ujumbe?

Kwa upande wa pili, kila mwaka siku ya mahafali tunaimba kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, na kila mwaka wazazi huanza kutazama saa kabla ubeti wa pili haujaisha.

Najua hofu ya walimu wetu, nayo ni ya haki. Mzaha mwingine huumiza. Wako wanaodhani kwamba kuchekesha ni kumwiga kiwete au kumtaja mwenzao aliye maskini, na huo ni ukatili uliovikwa mahadhi. Lakini babu zetu walijua kuzitenga hizi mbili. Mpare na Mchaga hutupiana maneno ambayo mtu mwingine angeyapelekea barazani, na hapana anayekasirika, kwa kuwa ni watani, na mtani huyo huyo ndiye anayekuja msibani kusaidia na kuwatoa wafiwa machozi. Tena tazameni jina la wimbo wa Frank. Linasema sijui, halisemi hajui. Mwimbaji amejiweka mwenyewe katika kiti cha mjinga, ndipo akawacheka wakubwa akiwa ameketi hapo. Kipimo hiki chatosha kwa nyimbo zetu: nani amekalishwa katika kiti kile?

Nasema haya kwa sababu kiti hicho kipo katika shule yetu. Kila Januari wanafika watoto wa Kidato cha Kwanza waliosoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, nao siku moja hukuta hesabu na baiolojia vimegeuka Kiingereza. Kwa majuma mengi hawana zaidi ya yale majibu matatu ya Frank, na wengi huchagua la nne, yaani kunyamaza. Wananyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Hatujawahi kuwaimbia wimbo wo wote juu ya jambo hilo, ingawa hakuna mwanafunzi katika shule hii, wala mwalimu nadhani, ambaye halikumpata.

Vijana watatu wa Kidato cha Pili wametunga wimbo wa namna hiyo. Una beti nne. Mwanafunzi mgeni anaulizwa maswali na mwalimu, na mpishi, na kondakta wa basi, na kila mmoja anamjibu kwa Kiingereza chake. Gitaa la shule lina nyuzi tano, lakini wamejua kuizunguka ile isiyokuwapo. Hufanya mazoezi kila Alhamisi baada ya kipindi cha mwisho, katika chumba kilicho karibu na stoo ya majembe. Nawaomba viongozi wa chama waende huko wakausikilize kabla hawajaufuta katika orodha.