Beji ya babu isiishie kwa vyuma chakavu

Katika masanduku ya wazee wa Kariakoo, Gerezani na Ilala, chini ya kanzu na vyeti vya zamani, huenda kuna kipande cha shaba chenye kichwa cha twiga na taji juu yake. Hiyo ni beji ya kofia ya Polisi wa Tanganyika, jeshi lililoundwa na Waingereza mwaka 1919. Mtoto akiiona huichezea. Mnunuzi wa vyuma chakavu huipima kwa uzito.

Mzazi awawahi wote wawili. Kwanza, aliangalie taji. Taji lililovimba juu kama kuba ni la enzi za wafalme. Lililobonyea katikati ni la Malkia Elizabeth, aliyeanza kutawala mwaka 1952. Pili, asiisugue kwa mchanga wala dawa ya kung'arishia, kwani alama zitafutika. Kitambaa laini na kikavu kinatosha, kisha iwekwe mbali na unyevu na hewa ya chumvi ya Dar es Salaam.

Kazi ngumu ni swali la mtoto: "Kwa hiyo babu alikuwa upande wa mkoloni?"

Mzazi asilikwepe. Mtoto aelezwe kwamba wapo waliojiunga kwa sababu ya mshahara. Aelezwe pia kwamba polisi hao ndio waliopambana na makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliogoma mwaka 1950. Hata jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Utumishi wa aina hiyo umo katika historia ya mji mzima, si ya babu peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria kuiuza, mzee akiwa hai, mjukuu amrekodi kwa simu: aliajiriwa mwaka gani, alipangiwa kituo gani, alikuwa wapi siku ya Uhuru, Desemba 9, 1961. Majibu yaandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na beji. Beji za kuiga ziko nyingi sokoni, na kinachoitofautisha ya babu ni maelezo hayo.

Babu akiwa ameshatangulia, aulizwe bibi. Huenda ndiye aliyekuwa akiifua na kuipiga pasi ile sare.