Sarafu za Kale: Tuziuze au Tuzitunze?

Nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo kwa macho, lakini kubwa kwa maana yake: sarafu za kale.

Hapa Bujumbura, na hasa katika mitaa ya zamani kama Buyenzi, si ajabu kumkuta mzee mwenye sarafu za zamani sandukuni: rupia ya fedha ya Wajerumani, hela yenye tundu, au faranga ya wakati wa Wabelgiji. Wako watu wanaozitafuta ili wazinunue, na siku hizi picha hutumwa kwa simu na bei hupatanwa papo hapo. Vijana wengi husema, "Kitu hakinunui tena hata chumvi dukani, mbona tusikiuze?" Nami nasema tufikiri kwanza. Ili maneno yangu yafahamike, nitaanza mbali, katika nchi ya China.

Kwa karne nyingi Wachina walitengeneza sarafu zao kwa kuyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu. Katikati mna tundu la pembe nne, nalo lilitumika kuzitunga katika kamba, na fungu kamili lilihesabiwa kuwa sarafu elfu moja. Kulizunguka tundu hilo mna maandiko, kwa kawaida manne, nayo mara nyingi hutaja jina la enzi ya mfalme. Kwa hiyo mtu ajuaye kusoma maandiko hayo huweza kutambua sarafu ni ya zamani zipi. Mfalme Huizong, aliyetawala tangu mwaka 1100 hata 1126, alikuwa bingwa wa mwandiko, na baadhi ya sarafu zake zina mwandiko wake mwenyewe, mwembamba na wa kupendeza. Hizo wakusanyaji huzipenda mno.

Kazi ya kukusanya ni ya zamani sana kule. Mwaka 1149 bwana mmoja jina lake Hong Zun aliandika kitabu juu ya sarafu za zama zilizopita. Mwaka 1938 Ding Fubao alitoa kamusi kubwa ya sarafu za kale. Luo Bozhao, mmoja wa wakusanyaji mashuhuri wa China, alitoa maelfu ya sarafu zake mwaka 1957 zikawekwa katika makumbusho ya taifa. Basi wale wanaosema kwamba kila mkusanyaji ni mlafi wamekosa. Kama si watu hao kupanga sarafu na kuandika habari zake, leo mtaalamu akichimbua sarafu ardhini angepata taabu kubwa kuitambua.

Sasa tuje kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1945, huko Kajengwa karibu na Makunduchi katika kisiwa cha Unguja, ilipatikana akiba ya sarafu za China. Zilizoorodheshwa ni 176, na nyingi ni za enzi ya Song, yaani tangu mwaka 960 hata 1279. Mwaka 2010 wachimbaji kutoka China na Kenya walipata sarafu ya enzi ya Yongle huko Mambrui, karibu na Malindi. Mwaka 2013 nyingine ya enzi hiyo ilipatikana katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na wataalamu waliotoka Chicago, miongoni mwao Profesa Chapurukha Kusimba, mzaliwa wa Kenya. Mfalme wa Yongle ndiye aliyemtuma jemadari Zheng He na merikebu zake katika bahari ya Hindi, kuanzia mwaka 1405, na baadhi ya merikebu hizo zilifika pwani yetu.

Hapa ndipo penye shauri langu. Sarafu za Song zilikuwa nyingi kupita kiasi. Karibu na mwaka 1080 serikali ya China ilitoa mafungu zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo sarafu ya kawaida ya Song haina bei kubwa kwa mkusanyaji anayetafuta kitu adimu. Lakini sarafu hiyo hiyo ikitoka katika udongo wa Makunduchi ni hazina, kwa kuwa hutujulisha kwamba watu wa Unguja walikuwa wamefungamana na biashara iliyofika mpaka China. Thamani yake haimo katika shaba wala katika maandiko. Imo katika mahali ilipookotwa. Ichukue, uitie katika mfuko wa mchuuzi pamoja na nyingine mia, na thamani ile imekwisha. Hakuna mtaalamu wala tajiri awezaye kuirudisha.

Kadhalika, sarafu peke yake haisemi nani aliyeileta. Yaweza kuletwa na Mchina, au na Mhindi, au na Mwarabu, au na baharia wa Kiswahili, ikapita mikono kumi kabla ya kudondoka. Watu wengine wakiona sarafu moja ya Yongle hupiga kelele kwamba Zheng He alisimama pale pale. Hayo ni maneno ya haraka. Lazima tujue sarafu ililala katika tabaka gani la udongo, pamoja na vigae gani na mifupa gani. Mwenye kuing'oa usiku ili aiuze amechana barua kabla haijasomwa.

Nitatoa mfano wa mtu aliyefanya vema. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu chache mchangani katika kisiwa kimoja cha kaskazini ya nchi hiyo. Hakujua ni za nani. Alizihifadhi, tena akatia alama katika ramani mahali alipoziokota. Mwaka 1979 alizipeleka zikachunguzwe, na tano kati yake zikaonekana kuwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa! Jinsi zilivyofika huko bado wataalamu wanabishana. Lakini wana jambo la kubishania kwa sababu askari yule aliweka alama. Mwaka 2013 wataalamu walisafiri mpaka kisiwani wakiifuata ramani yake.

Mtaniuliza, "Sisi wa Burundi tuko mbali na bahari, yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Nchi yetu ilikuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, na fedha zao zilitumika hapa. Katika Kirundi tunasema "amahera", na katika Kiswahili "hela". Maneno yote mawili yametoka katika sarafu ya Kijerumani iliyoitwa Heller. Kila siku tunaitaja sokoni bila kuikumbuka. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani walikatiwa njia ya bahari, wakatengeneza sarafu zao Tabora katika karakana ya reli. Miongoni mwake ni rupia 15 za dhahabu, zenye picha ya tembo, na idadi yake ilikuwa kama 16,000 tu. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzigombania. Mwaka ule ule majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa wakati huo, yakaendelea mpaka Tabora. Kijana asiyejua habari hizi ataibadili sarafu ya namna hiyo kwa viatu, naye atadhani amepata faida.

Najua jibu la wengine: "Mzee ana njaa, na karo ya mjukuu wake haijalipwa. Je, ale historia?" Swali hili ni la haki, wala silidharau. Kwa hiyo natofautisha. Sarafu aliyorithi mtu kwa baba yake ni mali yake, na akitaka kuiuza ana haki. Lakini aijue kwanza, asipunjwe, na habari zake ziandikwe kabla haijaondoka. Sarafu iliyotoka ardhini ni mali yetu sote, na ya watoto ambao hawajazaliwa. Hiyo isiuzwe.

Basi natoa mashauri matatu. Kwanza, tuwe na daftari shuleni, na kila mwanafunzi aandike sarafu zilizoko kwao: picha yake, nani aliyekuwa nayo, aliipata wapi, na alinunulia nini. Wazee wangali hai, tuwaulize sasa. Pili, mtu akiokota sarafu asiisugue kwa mchanga wala kwa ndimu ili ing'ae, maana kusugua hufuta maandiko. Atie alama mahali pale, na habari zipelekwe kwa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955. Tatu, wakubwa zetu mlio kazini, hapa na ng'ambo, tusaidieni kwa vitabu na kwa kabati moja lenye kufuli.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu la kwanza halihitaji zaidi ya kurasa mia na kalamu moja. Mwenye shauri jingine, au anayeona nimekosea, na ajibu katika toleo lijalo. Nami nitafurahi kumsoma.